Barua kwa mwanangu: makaa yaliyoungua yamekwenda wapi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lako limenifurahisha sana. Unauliza: ikiwa maada haipotei, mbona makaa yanayojaza jiko asubuhi huacha majivu ya kujaza kiganja tu?

Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Yanapowaka na kupata hewa ya kutosha, kila atomi ya kaboni huungana na atomi mbili za oksijeni na kuwa molekuli ya kaboni dayoksaidi, gesi isiyoonekana, ambayo hupaa na kutuachia majivu, yaani madini kama kalisi na potasiamu ambayo mti uliyafyonza ardhini. Gramu 12 za kaboni zikiungua kabisa huchukua gramu 32 za oksijeni, zikatoa gramu 44 za gesi hiyo. Hebu itazame hesabu hiyo kwa makini: kilichotoka kina uzito unaozidi mara tatu ule wa kaboni iliyoungua!

Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alithibitisha mwaka 1774 kwamba maada haipotei, kwa madini ya bati. Aliyafungia ndani ya chombo cha kioo, akakipima, akakipasha moto mpaka sehemu ya bati ikageuka unga, kisha akakipima tena kabla ya kukifungua, na uzito ukawa uleule. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kasi kushika nafasi ya ile iliyokwisha kuungana na bati, na hapo ndipo uzito ulipoongezeka. Kwa maoni yangu, ustadi wake wote ulikuwa katika kupima kabla ya kufungua. Jiko letu liko wazi, ndiyo maana linatudanganya.

Lipo jambo jingine ambalo nakusihi ulishike, kwa kuwa sasa unaishi chumba cha kupanga. Hewa inapokuwa haba, atomi ya kaboni huambulia atomi moja tu ya oksijeni, ikawa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Makaa mekundu yasiyotoa moshi huitoa pia. Usilale kamwe na jiko ndani, hata baridi iwe kali namna gani.

Sawazisha mlinganyo wa mmenyuko huo wa pili, kisha uniandikie gramu 12 za kaboni zitatoa gramu ngapi za kaboni monoksaidi.

Akupendaye,
Mama