Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUPIMA VIRUSI KATIKA SARATANI ZA KICHWA NA SHINGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaomba agizo kwa hospitali za mkoa: kila kinyama (kipande kilichokatwa kwa uchunguzi) cha saratani ya tonsili au shina la ulimi kipimwe p16, protini inayoashiria kirusi HPV, na cha nyuma ya pua kipimwe EBER, RNA ya kirusi cha Epstein-Barr. Lakini fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, ianze kurekebishwa, maana majibu mengi huharibikia humo kabla kinyama hakijafika maabara.

Siku hizi gumzo ni vipokezi vya kinga. Kipokezi TLR9 hugundua DNA ya virusi ndani ya seli na kupiga mbiu. HPV aina ya 16 ina protini E7, ambayo katika majaribio ya maabara imeonekana kupunguza TLR9, hivyo kirusi hukaa bila kushtukiwa. E7 hiyo hiyo huivuruga protini Rb inayozuia seli kugawanyika ovyo. Rb ikiondoka, p16 hufurika. Ndiyo sababu tunapima p16. Kuhusu TLR zenyewe, hakuna tiba ya kawaida inayoamuliwa kwa kuzipima. Anayeuza vitendanishi vya kuzipima asubiri kwanza.

Turudi kwenye fomalini. Changanya sehemu 1 ya fomalini kali (asilimia 37 hadi 40) na sehemu 9 za maji yaliyotoneshwa. Kila lita itiwe gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti kavu. Anayeishia kwenye maji ya bomba bila chumvi hizo anapata fomalini inayogeuka asidi na kukatakata DNA na RNA. EBER itatoka hasi ilhali kirusi kipo. Kwa hiyo kila kipimo cha EBER kiambatane na kidhibiti cha kuonyesha kwamba RNA bado ni nzima.

Kinyama kitumbukizwe ndani ya saa 1, fomalini iwe mara 10 ya ujazo wake, kikae humo saa 6 hadi 72. Chupa iwe ya mdomo mpana: kinyama huingia kikiwa laini, kikishakakamaa hakitoki mpaka kikatwekatwe. Lebo ibandikwe ubavuni. Vifuniko hubadilishana.

p16 ni chanya pale tu angalau asilimia 70 ya seli za saratani zinapopata rangi ya wastani au kali, kwenye kiini na nje yake. Kwa saratani za ulimi wa mbele, mashavu na zoloto, msiipoteze pesa hapo. Na pale ambapo saratani nyingi za koo hazitokani na HPV, p16 chanya hudanganya mara nyingi zaidi, kwa hiyo ithibitishwe kwa kipimo cha DNA au RNA ya HPV.

Hata ikithibitishwa, tiba isipunguzwe makali. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba wagonjwa wenye HPV waliopewa dawa ya setuksimabu badala ya ile ya kawaida, sisplatini, pamoja na mionzi waliishi muda mfupi zaidi.

Fomu ya maombi iongezwe mistari miwili: mahali hasa kinyama kilipotolewa, na saa kilipoingia kwenye fomalini. "Uvimbe shingoni" hautoshi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wataalamu wa patholojia na maabara,
Dar es Salaam