Speicherstadt: kabla ya tiketi, tazama maji

Mhariri,

Makala za utalii zinazoisifu Speicherstadt, mtaa wa maghala ya kale kwenye bandari ya Hamburg, Ujerumani, huacha jambo linaloamua kama mgeni ataona alichokifuata: kujaa na kupwa kwa maji. Tunaomba litajwe.

Hamburg iko ndani kabisa ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, lakini maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na nusu, mara mbili kwa siku. Yakipwa, mifereji kati ya maghala hubaki na kina kidogo, penginepo tope tupu. Yakijaa mno, hasa wakati wa bamvua, mashua haipiti chini ya madaraja. Nafasi ya kuingia ni ya saa chache, nayo husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku. Aliyekata tiketi bila kuuliza huishia kuzungushwa kwenye gati za makontena.

Basi soma kwanza jedwali la maji la kituo cha kupimia maji cha St. Pauli, linalotolewa na BSH, idara ya serikali ya mambo ya bahari. Ukifika Landungsbrücken, gati za kupandia mashua, uliza waziwazi kama safari hiyo inaingia Speicherstadt. Panda mashua fupi iliyolala chini, wanayoiita Barkasse. Vyombo vya ghorofa haviingii humo.

Tunasisitiza maji kwa sababu maghala haya yana nyuso mbili, moja ya barabara na moja ya mfereji. Ukiwa mferejini, inua macho: milango imepangwa mmoja juu ya mwingine kila ghorofa, na juu kabisa, chini ya kijipaa, winchi. Tishari lilifunga chini, magunia ya kahawa yakapandishwa moja kwa moja hadi ghorofani. Winchi za awali ziliendeshwa kwa nguvu ya maji yaliyoshinikizwa kutoka kituo kimoja cha mitambo.

Waongozaji wataje pia gharama ambayo watu walilipa kwa ajili ya mtaa huu. Mtaa ulifunguliwa 1888, Hamburg ilipoingia kwenye umoja wa forodha wa Ujerumani, ili bidhaa ziendelee kuhifadhiwa bila ushuru. Watu wapatao 20,000 walihamishwa kuupisha. Karibu nusu ya majengo iliharibiwa kwa mabomu ya Vita vya Pili. Ndiyo maana baadhi ya kuta hazina mapambo. UNESCO iliuorodhesha mwaka 2015.

Kwa miguu, shuka kituo cha Meßberg, treni ya U1, uende daraja la Poggenmühlenbrücke giza linapoingia na taa kuwashwa. Vaa viatu imara, kwani barabara nyingi ni za mawe. Majira ya baridi kukiwa na dhoruba, sikiliza tahadhari kabla ya kutoka: mtaa huu uko nje ya tuta kuu la kuzuia mafuriko, na maji hupanda hadi barabarani.

Wasomaji wako,
Wapenzi wa historia ya bandari