Bima ikishushwa bei kwa amri, nani atabaki kuuza?

Mhariri, salaam.

Wiki iliyopita kuna msomaji kaandika hapa eti TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ishushe bei za bima za magari kwa amri, kampuni itakayobisha inyang'anywe leseni, basi. Namwelewa kabisa, mi mwenyewe ni tajiri wa Coaster moja ya daladala inayopiga Gongo la Mboto–Makumbusho (tajiri jina tu, ndo mlivyotuzoesha) na stika ya bima ikikaribia kuisha usingizi sipati. Ila kuna kitu kakisahau ndugu yetu, kampuni ya bima hujaifunga kamba, ikiona hailipi inakunja jamvi, au inabaki na ofisi yake nzuri tu pale Posta halafu gari lako hailitaki.

Mdogo wangu yuko Marekani, New Jersey, tangu 2001. Kule bima haisimamiwi na serikali kuu, kila jimbo na msimamizi wake na masharti yake, iko hivyo kwa sheria ya 1945. Sasa dogo kanunua gari, kila akiwasha tivii anaona matangazo ya kampuni ya bima ya Geico maana chaneli za New York zinashika hadi kwao, akajua ni kupiga simu tu kapata, kumbe Geico waliondoka New Jersey tangu 1976! Jirani zao ng'ambo ya mto wanauziwa, wao hapana. Kwenye miaka hiyo ya 90 jimbo lilikuwa linalazimisha kampuni zipokee karibu kila dereva anayebisha hodi, kupandisha bei mpaka ukubaliwe, na faida ikizidi kiwango unairudisha. Wengine nao wakaanza kufunga virago. Jimbo likaja kulegeza sheria 2003, na 2004 Geico hao wakarudi. Massachusetts ndo usiseme, jimbo lenyewe lilikuwa linapanga bei ya kila mtu kwa miaka kama 30 hivi, majina makubwa yakakaa pembeni yanaangalia tu mpaka 2008 walipoachia kampuni zishindane ndo Progressive, kampuni nyingine kubwa, wakaingia, Geico mwaka uliofuata.

Najua mtu ataniambia mbona California wananchi wenyewe walipiga kura 1988 kwamba bei isipande bila kibali na kampuni nyingi hazikuondoka. Kweli, ila California ni soko ambalo ukiliacha umeacha hela nyingi mno. Sisi tuna ubavu huo?

Na hapa kwetu tumeshaonja. Kuanzia 1967 bima ilikuwa NIC, shirika la serikali, peke yake, sheria ya 1996 ndo ikafungua mlango kampuni binafsi zikaingia. Halafu bei inayopangwa hapa ni ya chini, yaani kampuni haitakiwi kushuka chini ya hapo, gari dogo binafsi bima ndogo (inayolipa hasara ya uliyemgonga tu) ni 118,000 pamoja na VAT, bima kubwa (inayolipa na gari lako) asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Sawa, inazuia kampuni kuuza bei ya kutupa halafu siku ya klemu, ukidai ulipwe, hela hakuna. Lakini mwenye IST anayeendesha kistaarabu miaka kumi bila kukwaruza mtu naye hashushiwi chini ya hapo, kama kijana anayepanda ukuta kila mwezi, hiyo mi naona siyo haki.

Sasa rudi kwa sisi wa daladala. Mwaka jana nimezunguka ofisi tatu natafuta bima kubwa ya Coaster yangu, hela ninayo mkononi. Ya kwanza wakaniambia gari la zamani. Ya pili njoo kesho, kesho tatu. Ya tatu yule dada alikuwa mkweli, "mzee wangu daladala hatuchukui, labda nikuandikie ndogo." Hakuna kampuni iliyohama Dar, zimehama kwangu tu. Sasa shusha bei kwa amri uone kama na bajaji na bodaboda hazitafuata.

Ninachoomba kwa TIRA siyo kikubwa. Kila kampuni ibandike wazi ni magari ya aina gani haiyachukui na kwa nini, tusizungushwe kama watoto. Na iruhusiwe kumpunguzia anayeleta rekodi safi, hata sisi wa abiria, suka wangu ana mwaka wa sita hajagonga.

Stika yangu inaisha mwezi ujao, nitaanza tena kuzunguka, safari hii naanzia Kariakoo.

Tajiri wa Coaster moja,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam