Barua kwa mwanangu: gitaa, glavu na hema

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, na bibi yako anakuombea dua. Ratiba yako ya majira ya joto huko Boston nimeisoma mara mbili: matamasha matatu ya hisani, mechi ya besiboli ya kuchangia wagonjwa, kisha siku nne za hema kwenye milima ya White Mountains. Nimefurahi sana. Ila naona yote hayo yanategemea gitaa moja na vidole kumi, na hivyo ndivyo ninavyotaka kuvisemea leo.

Nianze na gari, maana huko ndiko magitaa mengi yanakofia. Nje kukiwa na nyuzijoto 32, gari lililofungwa na kuachwa juani hupita nyuzijoto 50 ndani ya saa moja. Gundi ya mbao huanza kulegea ikikaribia 60, na nyuzi sita za chuma zinalivuta daraja la gitaa, kile kipande kinachozishika pale tumboni, kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana. Daraja halibanduki kwa kishindo. Linaanza kunyanyuka upande wa nyuma, taratibu. Chukua ukanda wa karatasi nyembamba ujaribu kuupenyeza chini yake. Ukiingia, legeza nyuzi siku hiyo hiyo na umpelekee fundi. Usithubutu kutia gundi ya papo hapo, kwa sababu ikishakauka ndani ya mbao, gundi sahihi haishiki tena.

Kitu kingine ni unyevu. Gitaa la mbao halisi linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mwezi wa Julai mbao hunywa maji ya hewani, uso wa gitaa huvimba, nyuzi hupanda juu na kubonyeza kunakuwa kazi. Utashawishika kumwambia fundi aupunguze ule mfupa wa darajani unaobeba nyuzi, ili zishuke. Mkatalie. Itakapowashwa hita mwezi wa Desemba mbao zitakauka na uso utashuka wenyewe, na nyuzi zitaanza kugonga vyuma vya shingo na sauti kuzimika. Bora uwe na mifupa miwili, mmoja wa joto na mmoja wa baridi, ubadilishe unapobadilisha nyuzi.

Jukwaani penye jua, chuma hutanuka na sauti inashuka; wingu likipita, inapanda. Ndiyo maana mtu anatyuni vizuri nyuma ya jukwaa, anatoka mbele ya watu, na wimbo wa kwanza unaharibika. Lipeleke gitaa jukwaani, kivulini, nusu saa kabla, ulityuni pale pale utakaposimama. Lisikae kwenye stendi juani hata kwa dakika tano.

Umeme wa bustani nao uupigie hesabu mapema. Marekani soketi ya kawaida ni volti 120 na ampia 15, yaani wati 1,800, lakini kwa matumizi ya saa nyingi usivuke asilimia 80, ambayo ni wati 1,440. Usihesabu wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye spika, hizo ni za sauti; tazama nyuma, kando ya tundu la waya, kuna ampia inazokula. Mara nyingi muziki haukatwi na spika. Unakatwa na birika la kahawa la wanaojitolea, ambalo peke yake linakula wati 1,500 na limechomekwa mahali pamoja na mikseta yako. Waombe wapate soketi yenye swichi yake yenyewe. Ikiwa ni jenereta, iwe ya inverta, ikae mita 20 upande upepo unakoelekea, isiwe kamwe chini ya turubai moja na watu, kwa ajili ya ule moshi usionusika.

Kila mguu wa turubai uufunge dumu la maji la lita 20. Kigingi peke yake hakitoshi, na upepo unaotangulia mvua hauombi ruhusa. Mkisikia ngurumo, muziki unakoma na watu wanaingia ndani ya jengo au magari. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, hata kama jua limeshatoka. Hapo usibishane na mtu, mwanangu. Radi huweza kupiga mbali na mvua yake.

Fedha za hisani zihesabiwe na watu wawili, pale pale, kabla sanduku halijapanda gari. Anayetoa dola 250 au zaidi anahitaji barua ya shukrani kutoka kwa shirika lenyewe ili aombe nafuu ya kodi, kwa hiyo hundi ziandikwe jina la shirika, zisiandikwe jina lako. Na mkicheza nyimbo za watu wengine, sheria ya hakimiliki ya huko ina mlango mdogo wa kuzicheza bila kulipia: hakuna mwanamuziki, mwandaaji wala mtangazaji anayelipwa kwa kazi hiyo, na faida yote inakwenda kwenye hisani. Mpiga ngoma akipewa bahasha, mlango umefungwa.

Sasa besiboli. Boston ni mahali pake hasa pa mechi kama hiyo. Mfuko wa Jimmy Fund, unaochangia utafiti na tiba ya saratani pale kwenye taasisi ya Dana-Farber, ulianzishwa 1948 ukishikwa mkono na Braves, timu ya besiboli ya Boston wakati huo. Braves walipohamia Milwaukee 1953, Red Sox, timu nyingine ya Boston, wakaupokea, na nyota wao Ted Williams akautumikia miaka mingi. Kwa hiyo usiwaone wanacheza kwa utani tu.

Lakini mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu kama embe bichi. Ule wa softiboli ni mkubwa zaidi, sentimita 30 kuuzunguka, na pamoja na jina lake si laini. Jeraha la mpiga gitaa huja mpira unapogonga ncha ya kidole kilichonyooka: mshipa unaoinua ncha unakatika, kidole kinabaki kimeinama. Tiba yake ni banzi, wiki sita hadi nane mfululizo, na ukikikunja hata mara moja unapooga, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Hayo ni majira yako yote.

Basi shika hivi. Mpira ukija juu ya kiuno, vidole vya glavu vitazame juu. Ukija chini ya kiuno, vitazame chini. Mkono mtupu ukae nyuma ya glavu mpaka mpira umekwisha kuingia, ndipo uufunike. Wewe unatumia mkono wa kulia, kwa hiyo glavu inalinda vidole vya kubonyezea, lakini vya kukwanyulia viko wazi. Omba upangwe uwanja wa nje. Usikubali nafasi ya nyuma ya mpigaji, hata ukibembelezwa. Vua pete. Ukikimbilia kituo usijitupe kwa mikono mbele. Na tamasha lako litangulie mechi, lisiifuate kesho yake.

Umesema wameomba uimbe wimbo wa taifa kabla ya mechi. Wimbo ule una upana wa oktava moja na nusu, na watu wengi huanza juu mno kisha wanakwama karibu na mwisho. Noti ya chini kabisa ni ya tatu, mwanzoni tu. Chagua hiyo: iwe ya chini kiasi kwamba unaisikia lakini huwezi kuipigia kelele, halafu jaribu ile ya juu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, na spika iliyo mita 100 mbali inakurudishia neno lako baada ya theluthi moja ya sekunde hivi. Ukiifuata utazidi kupunguza mwendo hadi usimame. Ziba sikio moja, hesabu mapigo kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu, na uimbe kana kwamba uwanja hauna spika.

Kuhusu milima sina mengi, ila usidharau baridi. Mlima Washington, ulio huko huko White Mountains, ni mita 1,917 tu, Kilimanjaro ni zaidi ya mara tatu yake, lakini mwaka 1934 pale kileleni upepo ulipimwa kilomita 372 kwa saa. Beba sweta hata mwezi wa Julai.

Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha vanishi ya gitaa na plastiki. Alama ya mkono itabaki milele. Tumia yenye pikaridini ya asilimia 20, na nguo zipulizwe permethrini, dawa ya kuua wadudu, nje, siku moja kabla. Kupe wa huko, wale wachanga wa Juni na Julai, ni wadogo kuliko punje ya ufuta na wanaleta ugonjwa wa Lyme, maradhi ya bakteria. Jikague kila jioni: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Chakula kikae kwenye kopo gumu la kuzuia dubu, mita 60 kutoka hema, na yale mafuta ya limau unayopaka ubao wa gitaa yaingie humo pia, kwa sababu dubu anafuata harufu. Ukiogelea ziwani, usipige gitaa mpaka vidole vikauke saa moja au mbili; sugu zikilowa zinabanduka kama ganda.

Niandikie wamekupa ufunguo gani wa sauti wa kuanzia ule wimbo wa taifa, nami nitaujaribu hapa nyumbani kabla hujaenda mazoezini.

Mama yako