Barua ya wazi kwa wauguzi vijana: mkiwa kwenye dawa, iwe dawa tu

Wanangu mlioanza zamu wodini, hamjambo.

Kuna sifa mnayopewa na kuifurahia: "Yule sista hufanya mambo matano kwa mpigo." Naomba msiikubali. Akili haiwezi kushughulikia kwa pamoja mambo mawili yanayodai kufikiri. Huliacha moja, hushika jingine, kisha hulirudia la kwanza ikiwa imepoteza kidogo. Wodini, hicho kilichopotea hulipwa na mgonjwa.

Chukueni artesuneti ya sindano kwa malaria kali. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, hutikiswa hadi kiwe angavu, ndipo huongezwa maji ya chumvi: mililita 5 kama dawa inapita kwenye mshipa, 2 kama ni ya msuli. Mtoto wa kilo 15 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 45. Kwa mshipa hizo ni mililita 4.5, kwa msuli ni 2.25. Sasa umeshachanganya ya mshipa, na ndugu wa mgonjwa anauliza kama dripu imeisha. Unamjibu bomba la sindano likiwa mkononi. Ukirudi, kichwani imebaki hesabu ya msuli, ile ya mtoto uliyemhudumia kabla. Unavuta 2.25. Huyu amepata nusu ya dozi, na chati inaonyesha amepewa dozi kamili. Hakuna aliyezembea hapo. Kazi ilikatwa katikati tu.

Mtafiti Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi 98 wa hospitali mbili za Sydney, Australia, walipokuwa wakitoa dawa, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kila katizo liliambatana na ongezeko la takriban asilimia 12 la makosa ya utaratibu, na karibu kiasi hicho hicho kwa makosa ya tiba yenyewe. Na uzoefu wa miaka mingi haukuwakinga wauguzi na makosa ya tiba. Kwa hiyo msisubiri kuzoea.

Fanyeni hivi. Kabla ya kushika toroli la dawa, mwambie mwenzako kwa sauti: "Naingia dawa, simu na ndugu ni wako." Andaa dawa ya mgonjwa mmoja, mpe, weka sahihi, ndipo uende kwa mwingine. Kuandaa mabomba sita kwa pamoja ili kuokoa muda ndiko kunakozaa bomba lisilo na jina. Ukiitwa katikati ya kuvuta dawa na si dharura, inua kiganja, maliza kuvuta, bandika jina, ndipo ugeuke. Ikiwa ni degedege au mtu ameacha kupumua, acha kila kitu ukimbie. Ukirudi, bomba lisilo na lebo litupwe na hesabu ianze upya, hata kama una uhakika. Uhakika huo ndio usioaminika.

Si kila mchanganyiko ni mbaya. Kutandika kitanda huku unazungumza na mgonjwa ni vizuri, maana mikono imeshazoea. Kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima huku unajibu maswali haiwezekani: kuhesabu na kuongea hutumia sauti ile ile ya ndani.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi haijaisha, sehemu ya umakini wake hubaki kule alikotoka. Dawa yake ni sekunde chache za kuandika ulipoishia: "Kitanda 7, kidonda kimeoshwa, bendeji bado." Kichwa huachia kile kilichokwisha kukabidhiwa karatasi.

Hapo ndipo ari inapoingia. Mnasema mmechoka na kazi, na nawaamini. Wodi zetu zina wagonjwa wengi kuliko mikono. Lakini kuna uchovu mwingine, wa kutoka zamu ukiwa umegusa kila kitu na hukumbuki ulichokamilisha. Dakika tano kabla ya makabidhiano, andika kwanza yaliyoisha: dozi ya saa 12 imetolewa, mama wa kitanda cha 3 amefundishwa kunyonyesha, homa ya mtoto wa pembeni imeshuka. Kisha andika yaliyobaki, nani atayafanya na saa ngapi. Msianze na yaliyobaki, mtaondoka na hayo nyumbani.

Nanyi wasimamizi wa wodi, msihangaike na hotuba za "jitumeni". Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walieleza kwamba ari ya ndani hukua mtu anapokuwa na kauli katika kazi yake, anapojiona anaimudu, na anapojisikia ni mmoja wa kundi. Mwacheni muuguzi apange mwenyewe aanze na vitanda vipi pale hali za wagonjwa zinaporuhusu. Mkimsifu, tajeni kitu chenyewe: "Uliitupa ile sindano isiyo na lebo, umefanya vema." Na leo, kabla ya zamu ya usiku, angalieni ratiba: kama saa ya ndugu kuona wagonjwa imegongana na saa ya dawa, sogezeni mojawapo.