Kilo Zimeshuka: Tafadhali Usituage Sasa

Kila mwaka, wiki chache baada ya Idi, wateja wa zamani wa ukumbi wetu wa mazoezi huanza kurudi mmoja mmoja. Wengine huingia kichwa chini. "Dada, mwili umenirudi," husema, utadhani anakiri dhambi. Aliyeshuka kutoka kilo 92 hadi 78 sasa ana 87, na kinachomuuma zaidi ya hizo kilo 9 ni kuona miezi saba ya kuamka alfajiri imekwenda bure.

Tunamwandikia yeye, na wewe pia uliyefikia kilo zako mwezi huu na unafikiria kutuaga.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Kwa muda mrefu ukumbi wetu wa mazoezi ya wanawake hapa Kiembesamaki, Zanzibar, tuliuendesha kama skuli: unaingia, unapungua, siku ukifika tunakupigia vigelegele na kukutakia kheri. Tulikuwa tunamuacha mtu siku ile ile anapotuhitaji zaidi, na linatusikitisha hadi leo.

Mwili uliopungua hujihesabu kama umepita kwenye njaa, na hufanya kila njia urudi ulikotoka. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu waliopungua kwa kula chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye, homoni inayoleta njaa ilikuwa bado juu kuliko kabla hawajaanza, na kadhaa kati ya zile zinazoleta shibe zilikuwa bado chini. Kwa hiyo ile njaa ya saa nne usiku inayokupeleka jikoni kufunua sufuria, usiiite uroho. Isitoshe, mwili mdogo unatumia nguvu kidogo. Sahani ya wali wa nazi iliyokutosha ulipokuwa na kilo 92, ukiwa na 78 ina ziada, na ziada hiyo huwekwa akiba.

Marekani kuna daftari lililofunguliwa mwaka 1994 la watu waliopunguza kilo 13 na nusu au zaidi na wakakaa bila kuzirudisha kwa mwaka au zaidi. Njia zao za kupungua zinatofautiana sana, lakini namna wanavyojilinda inafanana. Tisa katika kila kumi hufanya mazoezi, kwa wastani saa moja kwa siku, na wengi wanatembea tu. Watatu katika kila wanne hupanda mzani angalau mara moja kwa wiki.

Huo mzani kwetu una uzito wa pekee, kwa sababu ya nguo zetu. Suruali ikibana, mtu hujua mapema. Dera halibani, baibui halibani. Mwanamke anaweza kurudisha kilo 6 na nguo zake zisimwambie neno, mpaka fundi amchukue vipimo vya harusi. Pima siku moja tu kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Ukila urojo usiku na asubuhi ukaona kilo imezidi, usishtuke: chumvi hushika maji, na siku za hedhi pia huwa hivyo. Kilo 2 zikikaa juu wiki tatu mfululizo, hapo tuonane.

Sasa Ramadhani. Funga yenyewe haina lawama, shida iko mezani. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za sukari, kaimati zinazotiririka shira, juisi, halafu wali saa nne, halafu daku. Mama aliyesimama jikoni tangu alasiri atakataaje kuonja? Hatumwambii mtu asusie futari ya kwao. Tunachosema ni hiki: fungua kwa tende na maji, sali Magharibi, kisha uchague chakula kimoja cha nazi badala ya vitatu, na sahani ijazwe samaki wa kuchoma na mtoriro au mchicha. Kaimati zisiwe za kila siku. Mazoezi tunayahamishia baada ya Tarawehe, nusu saa tu.

Shughulini kula. Kaa kwenye sinia na wenzako, anza na kachumbari, kula taratibu. Biriani la Jumapili moja halirudishi kilo 9. Zinarudi Jumatatu, pale unapojiambia "nishaharibu" na kuiacha wiki nzima iende.

Na chai, jamani. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni kama gramu 36 za sukari kabla hujagusa andazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi gramu 50 kwa siku, na bora iwe chini ya 25. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi huzoea.

Kwa waliokwisha kupungua tumeanzisha huduma tunayoiita Kulinda Kilo: shilingi 10,000 kwa mwezi. Unapata mzani kila Jumamosi, vipindi viwili vya mazoezi ya nguvu kwa wiki ili misuli isiyeyuke, na matembezi ya alasiri kutoka Maisara hadi Mnazi Mmoja kwa anayependa. Ukikosa wiki mbili tunakupigia simu, na hatutakugombeza. Mwenye sukari au presha anayemeza dawa amuone daktari wake kwanza, kwani mwili ukipungua dozi nayo huenda ikahitaji kubadilishwa.

Wewe uliyerudi na kilo 87, kadi yako ya zamani tunayo. Tutaendelea pale ilipoishia, na ada ya kujiandikisha hulipi tena. Jumamosi mzani unatolewa saa moja asubuhi, nyuma ya pazia, na namba unaiona wewe na mwalimu wako tu.