Barua kwa mwanangu Bakari, aliyejiita Yusufu

Mwanangu Bakari,

Asalaam aleikum. Barua hii nimeikunja ndani ya shuka la pili, lile la maua ya buluu. Sikuiweka kwenye la juu kwa sababu la juu utalitandika usiku wa kwanza, na taa za bweni zitakuwa zimeshazimwa. Kama unaisoma ukiwa bado ndani ya basi, basi umepekua tranka, na nilijua utapekua.

Nimeandika kwa sababu tukizungumza mimi nasema kuliko wewe. Ukianza neno kigugumizi kikakushika, nakumalizia. Umeniambia kwa macho niache, naacha siku mbili, ya tatu narudia. Kwenye karatasi angalau sina neno lako la kudaka.

Jumatano ile uliyokwenda mjini kununua rimu alikuja kijana mmoja mrefu, amevaa fulana ya Coastal Union. Akabisha hodi vizuri, akaniamkia, akasema, "Samahani mama, Yusufu yupo?" Nikamwambia hapa hatuna Yusufu, ajaribu nyumba ya pili. Akasema ni hapa hapa, Yusufu wa tuisheni, yule anayejua hesabu, amekuja kumrudishia kalkuleta yake. Mimi bado nabisha. Akageuka akanionyesha kamba ya nguo: "Si shati lake lile pale?" Nikalitazama shati. Nimelifua mimi asubuhi ile ile, lina kiraka cha kwapani nilichokishona mimi.

Nikapokea kalkuleta. Nikamjibu Yusufu ametoka, atarudi jioni.

Ulipoikuta mezani ulinitazama, mimi nikainamia mchele kama vile sijawahi kuona chuya maishani. Wewe hukusema, mimi sikusema. Wiki tatu sasa. Lakini sijalala vizuri tangu siku ile, na si kwa hasira. Hasira ilikuwepo usiku wa kwanza, sitakuficha. Nilisema, jina nilipigania mimi, leo mtoto amelitupa tuisheni kama ganda la muhogo.

Halafu nikafikiri. Mimi nimekaa na ulimi wako miaka kumi na mitano, najua kila herufi inayokukaba. B inakukaba, P inakukaba, K asubuhi tu na mbele ya watu wazima. Najua baba yako humwiti "baba", unamwita "mzee", na yeye anadhani ni adabu ya kisasa. Najua ukitaka pilipili unasema "ile ya kuwasha". Unazijua njia za panya zote za Kiswahili, na kwa hilo nakuvulia kofia, maana mtu anayechagua maneno kwa kasi ile si mjinga, ni msomi. Ila jina halina njia ya panya. Mtu akikuuliza unaitwa nani jibu ni moja tu. Yule mtaalamu wa kigugumizi wa Dar aliniambia hivyo hivyo ulipokuwa umetoka nje kunywa maji: wenye kigugumizi wengi hukwama kwenye jina lao kuliko neno lolote, kwa sababu ndilo neno ambalo hawawezi kulibadilisha. Kwa hiyo ukalibadilisha. Yusufu linateleza, nimejaribu mwenyewe kulitamka jikoni.

Sasa nisikilize. Huko Iringa wiki ya kwanza utaulizwa jina mara mia. Getini, kwa patroni, bwenini, kwenye foleni ya chakula, msikitini, kwa kila mwalimu anayeingia darasani. Ukijiita Yusufu bwenini, rejista itasema Bakari. Mwalimu ataita Bakari, wenzako watageuka watafute ni nani, na wewe ndiye utakayekuwa umeinama. Hapo hawatasema ana kigugumizi, watasema huyu muongo, ana majina mawili. Na unajua tayari jinsi watu wanavyomwona mtu anayesita kabla ya kujibu. Wanadhani anatunga.

Usijiite Yusufu, baba. Nakuomba.

Fanya hivi. Usiku wa kwanza, kabla hawajakuuliza chochote, waambie wa chumba chako: nina kigugumizi, nikikwama nisubirini, nitafika. Maneno hayo yafanyie mazoezi kwenye basi, hakuna atakayekusikia kwa muziki wao ule. Mtaalamu alisema watu wengi wanaocheka wanacheka kwa kushtuka, hawajui kama umepaliwa au unawatania, ukishawaambia mwenyewe wanatulia. Wengi, si wote. Yupo atakayekuigiza, kila bweni lina mmoja. Huyo mtazame tu machoni mpaka umalize ulichokuwa unasema. Usiangalie chini. Wewe ukikwama unaangalia chini, na ukiangalia chini mtu anapata ruhusa ya kuondoka. Na usipige mtu. Ile ya kidato cha pili sitaki kuisikia tena, ingawa yule kijana alitafuta, na mzee wako alicheka chumbani mpaka akakohoa. Hajakuambia na wala usimwambie nimekuambia.

Na usiwe mtu wa kunyamaza ukidhani kunyamaza ni kushinda. Mwaka jana ulipitishwa kituo kwenye daladala kwa sababu hukuweza kumwambia konda "shusha", ukashuka vituo viwili mbele, ukarudi kwa miguu juani umebeba unga kilo kumi. Ukasema ulitaka kutembea. Siku hizi nakuona unagonga bodi la gari, sawa, watu wengi wanagonga. Lakini darasani hakuna bodi la kugonga.

Kuhusu yule mwalimu aliyekuchapa kwa kusema una kiburi hujibu. Nimekuwa nikisema siku zote kwamba nilitaka kwenda shuleni na mvua ikanizuia. Mvua ilikuwa ya siku moja. Wewe ulirudi na alama mkononi, nami nikakwambia ungejibu upesi yasingekukuta. Nakumbuka nilikuwa nakuna nazi na sikuiweka chini hata hiyo nazi. Kama huko yatatokea ya namna ile, mwambie mwalimu baada ya kipindi, au mwandikie kikaratasi, na akikataa nipigie. Nauli ya Iringa nitaitafuta, kwenye kikoba bado sijakopa mwaka huu.

Sasa lile ambalo hujui.

Babu yako Bakari, baba yangu, alikuwa na kigugumizi. Unajua alikuwa dalali pale soko la samaki la Deep Sea, Tanga, unajua alifariki ukiwa tumboni, hadithi za mashua na jodari umezisikia mpaka umechoka. Hilo la ulimi hukuambiwa kwa sababu mimi sikutaka uambiwe. Alikuwa akikwama mpaka shingo inamvimba. Kutoa salamu tu, mtu ameshapita. Lakini akisimama juu ya kreti kunadi alikuwa anaimba zile bei, mia tano mia tano huyo, mia sita kule, anazifuatanisha kwa mahadhi na mguu unapiga chini, na hakuna alipokwama. Akimaliza mnada, mtu akimuuliza chenji yake iko wapi, anarudi kukwama. Watu walimwita Bakari Kitata. Aliitika. Sijui kama alipenda, sikuwahi kumuuliza.

Ulipozaliwa bibi yako mzaa baba alisema mtoto asipewe jina la yule, atarithi ulimi. Nikagoma, nikasema atakuwa Bakari. Ulianza kusema vizuri kabisa, nikatamba. Ulipotimiza miaka mitatu ukaanza kurudia rudia mwanzo wa maneno, na nyumba nzima ikanitazama mimi. Kwa hiyo bibi yako aliposema labda mtoto ametekenywa sana, nikasema ndiyo, ametekenywa. Waliposema ni udata, ule utando wa chini ya ulimi, nikakubali ukakatwe udata, na yule fundi wa udata hakuwa na hata spiriti. Kulikuwa na mambo ya mwiko wa jikoni pia, mtu akasema mtoto apigwe nao mdomoni asubuhi kabla hajanawa. Mwiko ule unao mpini uliopasuka, siku hizi nausongea ugali tu.

Mtaalamu aliniambia hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholeta kigugumizi wala kukiondoa. Huwa kinatembea kwenye ukoo, huanza utotoni kati ya miaka miwili na mitano hivi, watoto wengi kinawaacha wenyewe, wachache kinabaki nao, na wanaobaki nacho wengi wao ni wavulana. Katika kila watu mia yupo mmoja. Ukipiga hesabu, shule yenye wanafunzi mia sita ina kama sita, na wewe utadhani uko peke yako kwa sababu hao wengine nao wamenyamaza. Watafute. Alisema hata wana siku yao ya dunia, tarehe 22 Oktoba. Nikamuuliza, kwa hiyo si mimi? Akasema mama, si wewe. Nilitoka pale nikakununulia chipsi, ukashangaa, maana sikununulii chipsi.

Mjomba wako kila wiki ananitumia video ya Biden, yule aliyekuwa rais wa Marekani, kwamba naye alikuwa na kigugumizi utotoni akawa anasoma mashairi mbele ya kioo. Sawa, nimefurahi kwa ajili yake. Lakini Biden hakuwahi kumwagiza mwenye duka wetu kibiriti huku foleni nzima inamsemea.

Mimi nakutajia Nabii Musa, na wewe aya unazijua kuliko mimi. Aliomba afunguliwe fundo la ulimi wapate kufahamu kauli yake, ipo kwenye sura ya Taha. Akaomba na ndugu yake Haruni aende naye kwa kuwa ni mfasaha zaidi. Watu huishia hapo. Kasome na sura ya Zukhruf, pale Firauni anawaambia watu wake yeye ni bora kuliko huyu dhalili ambaye hata kusema waziwazi hawezi. Yaani kucheka ulimi wa mtu ni kazi ya zamani, na unaona mwenye kazi hiyo ni nani. Musa alikwenda hivyo hivyo. Wewe ukisoma Qur'ani hukwami hata herufi, na kuna jirani aliwahi kusema basi huyu anajifanya, mbona msikitini anasoma. Sikumjibu. Ningemwambia habari za babu na zile bei za samaki, lakini ningekuwa nimefichua siri yangu. Sasa nimeshaifichua, mwambie unayetaka.

Nimeona nimeandika mengi na mchele unaungua. Nimerudi. Haukuungua, ni ukoko tu.

Ndani ya tranka kuna sweta mbili. Ile ya kijani ina shingo ndefu, ivae, usiwe kijana wa pwani wa kujionyesha, mwezi wa saba Iringa si mchezo. Ndoo nimeiandika jina kwa rangi ya kucha ya Mwanaidi, na kwanja, na fagio la chelewa, vyote nimeandika BAKARI. Kwa hiyo hata ukitaka kujiita mtu mwingine ndoo itakusuta. Limao liko mfuko wa pembeni kwa ajili ya mlima Kitonga, zile kona zinatapisha. Ruaha Mbuyuni watakuletea vitunguu dirishani, usinunue, utavipeleka wapi. Mbuzi wa jirani ameshakula mche wako wa mpera, nitapanda mwingine. Paa la jikoni mzee anasema ataliziba kabla mvua za vuli hazijafika. Alisema hivyo na mwaka jana.

Simu utaikuta kwa patroni siku za Jumapili, fomu ya kujiunga imeandika hivyo. Nipigie. Usimwombe mwenzako anizungumzie, na usitafute mtu wa kunitumia meseji. Zamani ukipiga, ukikwama mwanzoni, mimi nilikuwa nasema haloo haloo halafu nakata nikidhani mtandao. Mara nyingine sikudhani mtandao. Sasa ukipiga kaa utakavyokaa, mimi sitasema haloo. Ukisikia jogoo au redio ya jirani ujue nipo. Anza na jina lako, hata likichukua dakika nzima. Vocha ya mia tano inatosha.

Ufunguo mmoja wa tranka unao, wa pili nimebaki nao mimi kwenye kopo la majani ya chai. Mwanaidi anauliza ile kalkuleta ya zamani utamwachia au unaondoka na zote mbili.

Mama yako